Orodha ya Watu wa Kambi

Kiwanda chetu cha nondo pale Mbarara kilianza kubana matumizi mwaka 2009. Kwanza uliondolewa ugali wa mchana. Kisha glavu: jozi moja kwa watu wawili, kana kwamba moto wa tanuru huchagua mkono. Tulinung'unika, tukaendelea. Nani kati yetu wakimbizi angeacha kazi ili arudi kambini Juru kupalilia maharage?

Asubuhi moja akaja Shamirah, karani wa ofisi, na daftari.

"Naandika watu ya kambi," akasema. "Wenye iko na kadi ya Nakivale."

Mimi Nestor nimeishi kambini Nakivale miaka kumi. Huko, akija mtu na daftari, unatupa jembe unamkimbilia, maana asiyeandikwa hapewi chakula. Sikumwuliza ni la nini. Nilichomoa kadi nikawa wa kwanza. Mjinga mimi, nilidhani tutagawiwa chochote, hata sabuni.

Alipokuwa anafunga daftari nikamkumbuka Pacifique, mume wa dada yangu Constance. Asubuhi hiyo aliomba ruhusa ampeleke binti yao Vanessa shule. Pale kiwandani alizungumza Kinyankore safi hata wote wakamdhani mzaliwa wa Mbarara, naye hakuwasahihisha. Kazi ile ndiyo iliyowapangishia chumba mjini na kumsomesha mtoto.

"Ngoja, dada," nikasema. "Kuko mwengine. Pacifique wa mashine ya kukata. Ni mukimbizi, tulitoka naye Uvira. Usimusahau."

Shamirah alinitazama. "Wewe iko na hakika?"

"Ni shemeji yangu."

Akaandika.

Ijumaa, meneja Edirisa alisimama mlangoni akasoma majina. Kampuni inapunguza wafanyakazi, alisema, na imeamua kuanza na wale wanaopewa chakula cha bure Nakivale. Jina la Pacifique lilikuwa la mwisho.

Getini Pacifique alikuwa bado anashangaa. "Nani aliwaambia kama miye ni mukimbizi?"

Ningeweza kunyamaza, na hadi leo asingejua.

"Ni miye, shemeji. Nilizania banagawa kitu."

Hakunipiga. Angenipiga ningeshukuru. Alivua buti za kazi taratibu, akaziweka kando ya geti.

"Basi enda wewe umuambie dada yako," akasema. "Na Vanessa, umuambie asivae tena inifomu ya masomo."