Yakuti Ndani ya Firigisi

Nakuru nzima hakuna mtu anayeijua yakuti nyekundu kunishinda mimi, ingawa niliyowahi kuiona ni moja tu, na ilikuwa imetoka tumboni mwa kuku.

Yakuti hutoka mbali, Burma huko. Wafalme waliivaa wakienda vitani, wakiamini mkuki utawakosa. Ni ngumu, kinachoikwaruza ni almasi. Mafundi saa huweka vipande vyake ndani ya saa ili vyuma visilane. Wazee wa kale waliandika kwamba huchemsha maji. Hilo wengi hulibisha, lakini hao hawakuwa Nakuru mwaka wa hamsini na sita.

Mwaka huo yakuti ilidondoka kwenye pete ya memsahib mmoja wa Milimani, mtaa wa Wazungu. Akasema mpishi wake, Wamalwa, ndiye ameiiba. Akawaandikia majirani wote barua wasimwajiri mwizi huyo, akampa hadi Jumamosi awe ameihama nyumba ya wafanyakazi.

Ijumaa mkewe, Nanyama, akachinja kuku wao wa mwisho. Kwa Wabukusu firigisi ni ya mwenye nyumba, mke haionji. Alipoipasua, yakuti ikatoka pamoja na changarawe. Akaitia kwenye sufuria ya maji baridi aioshe. Maji yakachemka. Nanyama akaona si vizuri moto wa bure upotee, akatia nyama.

Jirani yake, Cheptanui, akachungulia. "Inaivisha maharagwe pia?"

"Leta tuone."

Yakaiva.

Wamalwa akairudisha yakuti, akaeleza habari ya kuku. Memsahib akaitumbukiza kwenye birika, akanywa chai yake, akamwambia arudi jikoni.

"Na zile barua, Memsahib?"

"Karatasi zimekwisha."

Basi Wamalwa akabaki na kazi na nyumba, na Milimani yote ikaendelea kuficha vijiko akipita.

Jioni aliketi, akavuta bakuli kwa furaha. Akageuza paja, akageuza shingo, akakoroga mchuzi.

"Mama Wekesa, firigisi yangu iko wapi?"

"Hiyo jiwe iliiharibu, Baba Wekesa. Nilitupia paka."

"Yote?"

"Yote. Hata usisikitike. Ilikuwa ngumu, na chumvi haikuwa imeingia vizuri."

Wamalwa akaweka kijiko chini.

"Paka ndiye alikuambia?"