Ruhusa ya Kwenda Kairo

Amur ndiye aliyeleta habari. Nyumba ilikuwa yake, lakini kila alipokuja upande wa Masouda na mumewe alipiga hodi kwa sauti kubwa, akasimama nje akikohoa mpaka Masouda amalize kujitanda. Siku hiyo hakungoja hata kikohozi kiishe.

"Imetoka," alisema akiwa bado mlangoni. "Ruhusa imetoka. Sikukuu ikipita mtakwenda Kairo, mtakaa wiki mbili, mtarudi. Nimesimama mimi."

Masouda alikuwa amechutama uani, anapara samaki, changu walioletwa asubuhi kutoka Qantab. Harub, mumewe, alitoka ndani mbio, miguu mitupu, akamkumbatia Amur kama mtu aliyefunguliwa kifungoni.

Ilikuwa mwisho wa mwaka 1966, mwezi wa Shaabani. Miaka ile mtu hakutoka Maskati kwa kutaka tu. Aliomba, akangoja, na akipewa ruhusa ilibidi awe na mtu wa kumdhamini. Asiporudi, mlango ulifungwa nyuma yake, na mdhamini akaitwa kujibu. Amur, ambaye baba yake na baba yake Harub walikuwa ndugu, alikwisha kuwasimamia mara moja: pale walipoteremka bandarini kutoka Unguja baada ya mapinduzi, Harub na shati moja, Masouda na kanga alizovaa. Aliwapa vyumba viwili, akampatia Harub kazi kwa mfanyabiashara wa Matrah, wala hajawahi kuwakumbusha.

Walichokiomba safari hii ni kwenda kumwona mtoto wao. Mtoto walikuwa naye huyo mmoja tu, Mahbuba. Juma lile la mapinduzi lilimkuta Mombasa, amekwenda harusini na mama yake mkubwa, Kheiria. Kheiria hakurudi tena Unguja. Mumewe alipata kazi ya kusoma habari kwenye redio ya Kairo, katika matangazo ya Kiswahili, wakahamia huko wakamchukua na mtoto. Tangu hapo Masouda alikuwa akisikia sauti ya shemeji yake ikitoka redioni, inasoma habari za mawaziri na za mfereji wa Suez, naye anaiwekea sikio kama kwamba nyuma yake atasikika mtoto anacheka.

Basi ikawa kila siku baada ya sala ya alasiri wanakaa barazani kupanga. Watapanda ndege ndogo mpaka Bahrein, na kutoka hapo ile kubwa mpaka Kairo. Kheiria alikuwa ameshatuma salamu kwamba baridi ya kule Januari si baridi ya maskhara, waje na nguo. Harub aliazima koti zito la mtu. Masouda alinunua nyuzi za sufi sokoni Matrah akaanza kumfumia Mahbuba sweta, na hapo pakazuka ubishi.

"Kubwa hilo," alisema Harub. "Mtoto atapotelea ndani."

"Ana miaka kumi na mbili, Harub."

"Najua ana miaka mingapi."

Alijua, lakini hakuwa akimwona hivyo. Alipozungumzia kumpeleka Mahbuba kwenye bustani ya wanyama, Masouda alimwona mumewe anavyoinua mkono, kama anayemshika mtoto anayemfika kiunoni. Mwishowe Masouda alimwita binti wa jirani wa umri huo, akampima mabega kwa kamba, akafuma kwa kipimo cha mtoto wa watu.

Siku moja Harub alirudi kazini anatabasamu peke yake. Alinawa, akakaa, akasema, "Nilikuwa sijakwambia. Sikutaka ufurahi bure. Nilimwomba Amur aitafute ruhusa ya kwenda wawili na kurudi watatu. Imekubaliwa. Tunarudi naye."

Masouda aliendelea kufuma, kisha akaona amekosea mishono, akaifumua.

"Hufurahi?"

"Anasoma kule, Harub."

"Atasoma hapa."

"Wapi?"

Skuli zilikuwepo, tena chache, lakini zilikuwa za wavulana. "Atasoma kwako," alisema Harub. "Si wewe mwalimu?"

Huko Unguja alikuwa mwalimu kweli, katika skuli ya wasichana, na wazee walikuwa wakimsimamisha njiani kumpa mkono. Hapa alikuwa amejaribu. Mwaka wao wa kwanza aliwaweka chini mabinti wa Amur, akawafundisha hesabu na jiografia katika chumba cha ndani, juu ya sinia la bati aliloligeuza ubao. Baada ya miezi kadhaa mtu mmoja mwenye jina lake mjini alimtembelea Amur, akanywa kahawa, akauliza kwa upole kama ni kweli nyumbani kwake pamefunguliwa skuli. Hakusema zaidi. Kesho yake Amur alimwomba Masouda aache, na wakati anaomba hakuweza kumtazama.

"Unajua yaliyonipata mimi na ualimu wangu," alisema Masouda.

"Basi akae kwao, ajue baba yake na mama yake! Watu wangapi hawakusoma na wanaishi?" Harub alisimama. "Miaka mitatu mtoto wangu analelewa na mwanamume mwengine. Mimi nasikia sauti yake redioni, najisemea, huyu ndiye anayemnunulia viatu mwanangu."

Masouda alijua kwamba hayo yote yalikuwa kweli. Yeye mwenyewe alimtaka mtoto mpaka usingizi ulikuwa unamkatikia. Lakini kila alipomwona Mahbuba katika nyumba hii, alimwona anakaa pale pale alipokuwa amekaa yeye, anapara samaki, anangoja aolewe.

Tangu siku hiyo wazo likamwingia, na hakumwambia mtu. Watakwenda. Mtoto hatarudi. Na yeye pia hatarudi.

Hakupanga kwa maneno, ila mikono yake ilianza kupanga. Kuku wake alimpa jirani. Sufuria kubwa ya pilau aliipeleka kwa mama mmoja wa Pemba aliyefika karibuni na watoto wengi. Halafu akalibeba cherahani lake la mkono, akampelekea Sayyida, mke wa Amur, akamwambia, "Da Sayyida, wasichana wajifunzie."

Sayyida alikuwa amezaliwa Wete, akaletwa Maskati kuolewa zamani, kabla ya machafuko. Alilitazama cherahani, akamtazama Masouda.

"Kaa," alisema.

"Nina chungu motoni."

"Kaa, Masouda." Alifunga mlango. "Mtu anayekwenda kutembea akarudi hagawi cherahani. Wala hagawi kuku. Nnakutazama siku zote hizi, nikajisemea labda nnamdhania tu mtoto wa watu. Hurudi, si ndiyo?"

Masouda alikaa. Alitafuta uongo, hakuupata.

"Harub anajua?"

"Hajui."

"Na mume wangu je, umemfikiria?" Sauti ya Sayyida haikupanda, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Unamjua yule mzee anayekaa msikitini na fimbo? Alimdhamini mtoto wa dada yake, kijana akaenda zake Kuwait akapotelea huko. Mzee alifungwa. Aliingia na ndevu nyeusi, katoka vile unavyomwona. Na Amur kazidhamini roho mbili, tena kwa furaha. Sikuombi usimtake mwanao. Nnakuuliza tu, hapa kwetu umekaa kama nani?"

Masouda alilia, na Sayyida alimwacha alie. Baadaye alimpa maji akasema, "Mwambie mumeo. Usiponiambia umekwisha kumwambia, n'tasema mimi, na kwa mimi kusema itakuwa vibaya."

Alimwambia Harub walipokuwa Bawshar, kwenye mashamba nje ya mji. Ilikuwa siku chache kabla ya Ramadhani. Walikuwa wamepata nafasi kwenye gari ya mtu kwenda shambani kwa Amur kuchukua tende na ndimu za kumpelekea Kheiria. Mwangalizi wa shamba alikwenda kufunga vikapu, wakabaki wawili kando ya falaji, mfereji wa kumwagilia mitende, maji yanapita karibu na miguu yao. Harub alikuwa anazungumza juu ya kitanda cha Mahbuba, wapi kitawekwa. Masouda alimkata maneno, akasema yote kwa mkupuo kabla hajaogopa.

Harub akauliza, "Ulikuwa uniambie lini? Kiwanja cha ndege?"

"Sijui."

"Au nigeuke tu nikuone hupo?"

"Sijui, Harub. Wallahi sijui."

Alinyanyuka akaingia mitendeni, akakaa huko mpaka mwangalizi akaja kuuliza kama bwana amepotea. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Siwezi kumtupa Amur," alisema.

"Sikwambii umtupe."

"Basi unaniambia nini?"

"Nakwambia wewe urudi."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka. Mpaka dakika ile hakuwa amejua kwamba hayo ndiyo aliyokuwa akiyafikiri. Harub alimtazama kana kwamba amempiga. Njia nzima ya kurudi mjini walikaa na vikapu vya ndimu katikati yao.

Ramadhani iliingia wakiwa hawasemi. Walifuturu pamoja, Harub alipokea uji mkononi mwa mkewe, akasema ahsante, akatoka kwenda kusali. Barazani hawakukaa tena. Sweta lilikwisha, likakunjwa. Sayyida alikuja siku moja, akamtazama usoni, akajua kwamba ameshasema, akaondoka bila ya kuuliza.

Katikati ya mwezi Harub alikwenda mwenyewe kwa Amur akamweleza kila kitu. Masouda alikuwa chumba cha pili na Sayyida, wakasikia.

"Mngenificha ningekuwa sijui," Amur alifoka. Hawajapata kumsikia akifoka. "Sasa nnajua! Nikiulizwa niseme nini? Unanijia na ukweli wako unautua kichwani kwangu, mwenyewe unajisikia mwepesi?"

"Ningekuficha ungefungwa kwa jambo usilolijua," alisema Harub. "Hilo nimeshindwa. Ukisema tusiende, hatwendi."

Sayyida alikuwa ameushika mkono wa Masouda na hakuuachia.

"Sitakwambieni msiende," alisema Amur mwisho, sauti imeshuka. "Mtoto yule n'nampenda hata mimi."

Siku mbili tatu alihangaika kwenda na kurudi kwa wakubwa. Alipokuja na jibu, hakuwa na uso wa kuleta habari njema. Dhamana ilikuwa imebadilishwa: ya Harub, kwenda na kurudi. Masouda alikuwa na hiari ya kutoka, lakini akitoka bila ya kurudi na mumewe, asije tena akaomba kuingia. Na mtoto vivyo hivyo. Akiachwa safari hii, ameachwa.

"Mna mpaka sikukuu mfikiri," Amur alisema. Alisita mlangoni. "Ile siku niliyokwambia uache kufundisha, Masouda. Mabinti zangu bado wananiuliza kwa nini." Akaenda zake.

Asubuhi yake Harub alikaa barazani, mara ya kwanza tangu Bawshar, akapigapiga mkono kando yake, Masouda akae.

"Mimi nilidhani tumekwisha kufiwa na kila kitu," alisema. "Nikadhani halikubaki la kuchukuliwa. Unataka kwenda kweli?"

"Nataka mwanangu asome. Na nataka kuwa naye. Na nataka kuwa na wewe." Alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Siwezi kuvipata vyote, na nimechoka kutafuta namna."

"Ukibaki hapa utanichukia," alisema Harub.

Masouda alitaka kukataa. Hakukataa.

Waliondoka sikukuu ilipokwisha. Sayyida alimkumbatia Masouda. Amur alimpa mkono Harub tu, akamwambia, "Urudi," na kwa Masouda akainamisha kichwa.

Kairo, Kheiria aliwafungulia mlango, na nyuma yake alisimama msichana mrefu mwenye nywele zilizosukwa vizuri. Mahbuba aliwabusu mikono wote wawili, baba kwanza, kwa adabu kamili, kama wanavyopokewa wageni wa heshima. Kisha akamgeukia Kheiria, akauliza kwa Kiarabu cha Kimasri, "Mama, nilete chai?"

Kheiria alitazama chini. Harub alicheka kwa nguvu, kicheko kisichokuwa chake, akaanza kutoa ndimu kwenye mzigo.

Zile wiki mbili zilikwenda. Harub alimpeleka mtoto kwenye wanyama, naye akafuata na kutabasamu pale ilipopasa. Lakini siku moja kabla ya safari Masouda aliwakuta wameinamia meza, Mahbuba anamchorea baba yake ramani ya mto Nili na kumtajia miji, na Harub anaikosea makusudi ili asahihishwe.

Kiwanja cha ndege Harub hakuchelewa. Alimkumbatia mtoto muda mrefu. Kisha akamshika mkewe mikono miwili.

"Haya, Masouda."

"Haya, baba Mahbuba."

Alikwenda hakugeuka, na Masouda alijua kwamba akigeuka hatoweza kuondoka.

Mama na mtoto walirudi kwa basi. Kulikuwa na baridi na vioo vimefungwa.

"Wewe hukwenda naye," alisema Mahbuba kwa Kiswahili, polepole, kama anayepekua kabati asilolifungua siku nyingi.

"Sikwenda."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yetu."

"Atakuja lini tena?"

"Sijui, mwanangu."

Mahbuba alifikiri, akatazama nje. Hakusema kwamba amefurahi, na Masouda hakumuuliza. Walipofika kwao mtoto alishuka kwanza, akavuka barabara kwa haraka, kama mtu aliyezoea. Barabara ilikuwa pana, magari hayakomi, na Masouda hakujua kuivuka. Alisimama ukingoni, akangoja. Mahbuba alifika ng'ambo, akageuka, akaona yuko peke yake. Akatazama kulia na kushoto, akarudi kumchukua.