Matofali Saba ya Maldwyn

Maldwyn Prosser na Gethin Beynon hawakuwa wakiamkiana tangu Gethin alipomwacha dada yake Maldwyn. Nerys, msimamizi wetu wa ujenzi pale Aberdare, aliwapanga ukuta mmoja: Maldwyn kona ya kushoto, Gethin ya kulia, mimi katikati. Wiki nzima walisemezana kupitia kwangu. Huyu akitaka kamba ivutwe, aniambie mimi nimwambie yule.

Ijumaa ukuta wa ndani ulikaribia mahali pa kulaza boriti za ghorofa. Matofali makubwa mepesi, yale ya saruji yenye vipovu vya kuzuia baridi, hayakutimiza kimo. Ilibaki nafasi nyembamba, na kwa ajili yake tulikuwa na vitofali vidogo vya saruji ileile, bado vimefungwa nailoni. Maldwyn hakuvigusa. Aliviita biskuti. Aliokota matofali saba ya kuchoma yaliyobaki jukwaani, akayajazia, akaendelea na kazi.

Gethin aliweka mwiko chini, akanipita.

"Yatoe hayo."

"Ukuta hauanguki kwa matofali saba," Maldwyn akasema.

"Nani kasema utaanguka? Utapitisha baridi hapo, na unyevu utaganda. Kwa mama yangu kuna ukungu mweusi ukutani, kimo hikihiki, umezunguka chumba kizima. Anakohoa tangu Novemba. Tumebomoa plasta, tumekuta matofali ya kuchoma. Haya, nyumba ile alijenga nani?"

Mtaa mzima ulijua nani aliijenga. Maldwyn aliufuta mwiko wake taratibu.

"Mwambie mama yako afungue madirisha."

Gethin akachukua nyundo. Nilidhani anamwendea mwenzake, kumbe ukuta. Mota ya saruji ilikuwa mbichi, matofali yakachomoka na kudondoka matopeni. Maldwyn akamkaba kola. Wakasukumana juu ya mbao zilizolowa mvua, nikaingia kati, nikala kiwiko cha mdomo.

Nerys alipanda ngazi. Hakuuliza nani ameanza. Alilitazama pengo, akamwamuru Gethin ahamie nyumba ya pili, na Maldwyn ajenge upya kwa vitofali vyepesi kama mchoro ulivyotaka. Maldwyn akasema ugomvi wa mashemeji hautamfundisha kazi aliyoifanya miaka thelathini. Nerys akamjibu kwamba basi akusanye vifaa vyake.

Alivikusanya, lakini baada ya kuujenga ule mstari. Alivikata vitofali kwa msumeno, akavipanga, kila kiungo sawa na chenzake. Kisha akashuka bila kumuaga mtu, na hakurudi tena.

Jumatatu nilimkuta Gethin karudi kwenye ukuta ule, pimamaji mkononi, akiupima mstari huo toka kona hadi kona. Alitafuta kasoro hata moja. Hakuiona, akatema mate, akaniuliza nilikuwa nikichekea nini. Mdomo wangu ulikuwa bado umevimba, sikuwa nikicheka.