Mguu Uliochelewa

Saimi alikuwa amejaribu programu za kompyuta zinazotoa sauti za ngoma hadi zikaanza kumchanganyikia kichwani. Moja ililia kama masufuria yanayoporomoka ngazini, akaifuta siku hiyo hiyo. Nyingine ilikuwa na ngoma nzuri, ila matoazi yake yalikwaruza kama redio isiyoshika stesheni. Nyingine iliilemea kompyuta mpaka ikagoma kabisa. Zikabaki mbili, ile ghali na ile rahisi, zote za kujaribu bure kwa muda. Jumamosi moja ya Februari aliwaita Ilari, kaka yake, na Rauno, mpiga besi, waje nyumbani kwake mchana wasikilize, ichaguliwe moja, maneno yaishe.

Hao watatu ndio waliokuwa bendi. Walikuwa bendi tangu Saimi yuko shule, wakipiga muziki wa metali nzito ya kasi, ile ambayo watu wa Kemi, mji wao wa kaskazini mwa Finland, huisikiliza wamesimama kimya, mikono mifukoni, na wakitoka nje husema haikuwa mbaya. Saimi alishika gitaa na ndiye aliyerekodi, kwa kuwa alikuwa na chumba cha ziada na subira. Ilari alipiga ngoma. Watu walikuwa wakija kumtazama miguu. Alikuwa na pedali mbili za ngoma kubwa, moja kwa kila mguu, na miguu yake ilipokimbia pamoja ungedhani treni ya magogo inapita chini ya sakafu.

Kisha mguu wa kushoto ukaanza kumsaliti. Kwanza alijikwaa kwenye kizingiti cha sauna, bafu la mvuke, wakamcheka. Baadaye akaanguka dukani, na hakuna aliyecheka. Madaktari wa hospitali ya Oulu walimwambia ni mishipa ya fahamu, kwamba haitapona, na kwamba ugonjwa hautaishia mguuni.

 Ilari alisema tu, "Basi turekodi upesi." Vuli yote alikuja kwa Saimi na kuzipiga ngoma za umeme, zile za mpira, ambazo jirani wa chini hazisikii ila kwa mtetemo mdogo katika vikombe vyake. Ngoma hizo hazitoi sauti ya maana. Kompyuta hukumbuka pigo tu, limeanguka wakati gani na kwa nguvu kiasi gani, kisha huliweka kwenye skrini kama kitone cheusi juu ya mistari. Sauti huja baadaye, kutoka kwenye programu. Mapigo ya albamu nzima yalikuwa ya Ilari, na yalikwisha kupigwa. Theluji ya kwanza ilipokaa, mguu wake haukuweza tena kuikandamiza pedali.

"Nikishaingia kwenye kiti cha magurudumu," alimwambia dada yake siku ile ya mwisho, akifuta jasho, "angalau kitabaki kitu kinachosema nilikuwa mpiga ngoma."

Saimi aliyabeba maneno hayo kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshike. Na kadiri alivyoyasikiliza yale mapigo ndivyo alivyosikia jambo asilotaka kulisikia. Katika nyimbo za mwanzo lilikuwa dogo. Katika za mwisho lilikuwa wazi: mguu wa kushoto ulichelewa. Haukuchelewa sana. Ulichelewa kama mtu anayefika mezani wenzake wakiwa wamekwisha kuketi.

Hakumwambia. Ijumaa jioni, katika ile programu rahisi, alijaribu kuyanyoosha mapigo, kila kitone kikae juu ya mstari wake. Kisha akabonyeza kitufe kilichoitwa Binadamu, ambacho huyasogeza mapigo kidogo huku na huku ili yasisikike ya mashine. Alisikiliza, akajisikia kama mtu aliyechungulia barua isiyo yake. Akaizima kompyuta upesi, akikusudia kurudisha kila kitu mahali pake asubuhi. Asubuhi akakanda unga wa mikate mitamu ya iliki, akafagia, akasahau.

Rauno alifika wa kwanza, akakung'uta buti zake mlangoni. Siku za kazi aliendesha greda la kuondoa theluji mjini, na hata akiwa nyumbani kwa watu aliongea kama mtu aliye juu ya injini.

"Dada Saimi! Nyumba yako inanukia vizuri kuliko muziki wako."

"Vua viatu kwanza, halafu nitukane."

Ilari alikuja nyuma yake na fimbo, akijishika ukutani. Rauno hakumpa mkono wa kumsaidia wala hakumtazama miguu. Alimngoja tu, akijifanya anatafuta pa kutundika kofia.

"Mzee, unatembea kama shangazi yangu," alisema.

"Shangazi yako ana masharubu pia."

"Lakini anapika."

Wakanywa kahawa, wakala mikate. Kisha wakaingia kile chumba kidogo, na Rauno akageuza viti viwili vikalitazama dirisha.

"Tunaipa skrini mgongo," alisema. "Macho ni wambea. Yakiona picha nzuri ya ngoma za Mmarekani yanayaambia masikio yaipende. Saimi, piga, usituambie ipi ni ipi."

Saimi aliketi mbele ya kompyuta. Akachagua wimbo wa mwisho wa albamu, sehemu ya katikati, ambapo magitaa yanakoma na miguu inabaki peke yake. Akaanza na programu ghali.

Ngoma zilijaza chumba. Zilikuwa na kifua, zilikuwa na mbao na ngozi. Lakini miguu ilikuja ikichechemea, na baada ya muda mfupi Rauno akaanza kutikisika mabega.

"Nani huyo? Anapanda ngazi na ndoo ya maji?"

"Hapana," Ilari alisema, naye anacheka, "ni mlevi anatafuta tundu la ufunguo."

"Ameshalipata?"

"Ngoja... ngoja... bado!"

Wakacheka mpaka Rauno akajifuta macho. Saimi alizitazama shingo zao mbili kwa nyuma. 

"Programu inachelewesha hiyo," Rauno alisema. "Unapiga, kompyuta inakaa inafikiri, ndipo inalia. Si ndivyo, Saimi?"

Ndiyo hitilafu ambayo kila anayerekodi nyumbani anaijua na kuisingizia kila kitu. Ilikuwa mlango ulioachwa wazi, na Saimi akapita.

"Labda," alisema.

"Hiyo hata wakitupa bure ni ghali. Tuletee ya pili."

Akaifungua ya pili, akabonyeza. Muziki ulikuwa umekwisha kuanza alipoviona vile vitone kwenye skrini, vimejipanga karibu kama meno ya kitana. Hakuwa amevirudisha. Mkono wake ukaruka kwenye kipanya kuzima.

"Iache!" Ilari alisema.

Alikuwa amekaa wima. Goti la kulia lilikuwa linaruka chini ya suruali, na mikono yake ilipiga mapaja. Sauti ya programu hii ilikuwa nyembamba kidogo, lakini miguu ilikimbia pamoja, kushoto na kulia, bila kusitasita. Ilipokwisha akasema bila kugeuka, "Huyo ndiye mimi."

"Ndiye wewe kabisa," Rauno alisema. "Kazi imekwisha. Nakwenda kuhamisha gari, greda linapita mtaa huu leo, na yule kijana wa zamu hana huruma. Namjua, mimi ndiye niliyemfundisha." Akachukua mkate mmoja wa njiani, akatoka.

Mlango ulipofungwa, Ilari hakuinuka. Dirishani theluji ilianguka wima, bila upepo.

"Piga ile ya kwanza tena," alisema.

"Si mmeshachagua?"

"Piga, mdogo wangu."

Akapiga. Safari hii hakuna aliyecheka. Ilari alifumba macho, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni uani. Muziki ukakoma.

"Kompyuta ikichelewesha, inachelewesha vyote," alisema. "Mikono, matoazi, miguu yote miwili. Hii imechagua mguu wa kushoto."

Saimi hakujibu. Kwao, tangu kwa mama yao, mtu akinyamaza ameshajibu.

"Na ya pili?"

"Niliinyoosha jana. Nilitaka kusikia tu. Nilikusudia kuirudisha, kaka, nikasahau. Kweli nilisahau."

"Kwa hiyo yule mlevi ni mimi."

"Usiseme hivyo."

"Nimeshasema. Nilisema na kucheka." Aligeuza kiti chake taratibu, mguu mmoja ukifanya kazi ya miwili, akaitazama skrini. "Tangu wimbo gani?"

"Wa tatu kidogo. Wa tano unasikika."

"Ukanyamaza tangu vuli."

"Ulikuwa unafurahi. Ulikuwa unatoka humu umelowa jasho, unafurahi. Ningeanzia wapi?" Machozi yalikuwa yamemfika, akayazuia kwa sababu haikuwa zamu yake. "Tuiache ilivyo. Ni wewe huyo. Ndivyo ulivyopiga. Watu watasikia mtu halisi."

"Watu hawatasikia mgonjwa, Saimi. Watasikia mpiga ngoma mbovu."



Ilari alivitazama vitone vya wimbo wake kwa muda mrefu. Hakuwahi kuviona hivyo, mapigo yake yakiwa yamelala. Aliufuata mstari wa mguu wa kushoto kwa kidole bila kugusa kioo, na kila mahali kidole chake kilipofika kilikuta kitone kimebaki nyuma ya mstari.

"Nyoosha miguu," alisema hatimaye. "Miguu tu. Mikono iache kama ilivyo. Mikono yangu ni mizima, haina kosa. Itoshe."

 Saimi aliona wamepata kitu cha kushika. Katika ile programu rahisi akayarudisha mapigo yote kama Ilari alivyoyapiga, kisha akachagua miguu peke yake, akainyoosha, akabonyeza.

Ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Miguu ilikimbia barabara, lakini sasa mikono ilibaki nyuma yake. Ngoma ya kati ililia baada ya wakati wake, matoazi yakaja kama watu waliochelewa basi. Saimi akazima, akafikiri amekosea, akaangalia, akapiga tena. Hakuwa amekosea.

Ilari ndiye aliyeelewa kwanza. Aliiweka mikono yake juu ya mapaja, akaitazama kana kwamba ni ya mtu aliyemfanyia wema bila kujitaja.

"Ilikuwa inaungoja," alisema. "Mikono. Ilikuwa inaungoja mguu, mimi sijui."

"Kaka."

"Vuli nzima. Kila pigo."

Saimi alimshika bega. Lilikuwa gumu na lenye joto, bega la mpiga ngoma bado. Alitaka kumwambia kwamba hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kusikia kwenye rekodi yoyote, viungo vya mtu mmoja vikipunguza mwendo ili mwenzao asiachwe. Lakini alijua kwamba ni kizuri kwake yeye aliyejua. Kwa mwingine yeyote kilikuwa kosa. 

"Nyoosha yote," Ilari alisema.

"Tukiinyoosha yote, hutakuwemo."

"Najua."

"Ulisema unataka kitu kibaki."

"Nilisema. Sasa nimekisikia." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Saimi. "Albamu si yangu peke yangu. Wewe umepiga vizuri. Rauno amepiga vizuri, usimwambie. Sitawavuta kwa mguu wangu. Nyoosha."

Saimi akachagua wimbo mzima, kisha nyimbo zote. Vitone vikabadilika rangi kuonyesha vimeshikwa. Alingoja, labda kaka yake atasema neno. Ilari alitikisa kichwa kukubali, akageukia dirisha. Saimi akabonyeza. Hapakuwa na sauti yoyote. Vitone vilisogea mara moja, vyote pamoja, vikatulia.

Mlango ukafunguliwa, Rauno akaingia na baridi yake, theluji kwenye nyusi.

"Nimeliokoa gari. La jirani limezikwa mpaka vioo. Haya, mmeweka ile ya pili? Hebu nisikie wimbo mzima."

Saimi alimtazama kaka yake. Ilari aliinua kidevu, yaani piga.

Wakausikiliza mpaka mwisho, watatu, wakiipa skrini mgongo. Rauno alikuwa amesimama, kofia mkononi. Huyu ni mtu ambaye wakishuka jukwaani husema "tumemaliza" na kuanza kukunja waya, na hata siku ya harusi yake hakumsifu bibi harusi. Muziki ulipokwisha alikohoa.

"Ilari," alisema, "sijawahi kukwambia. Lakini hujawahi kupiga vizuri namna hii."

Saimi aligeukia kibodi, akaiinamia asionekane uso.

"Asante," Ilari alisema, akaomba kahawa nyingine.