Matundu Mkononi mwa Yasinta

Jumanne moja ya Oktoba, saa tisa mchana, Yasinta alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya chumba chao kule Ipagala, akipepeta mlenda mkavu na kutoa vijiti kabla ya kuufunga kwenye vifuko vya nailoni. Alikuwa kwenye ungo wa tatu alipohisi kitu kimemchoma kwa ndani ya kiwiko cha kushoto. Akapandisha mkono wa sweta. Palikuwa na tundu jipya, dogo, na tone la damu. Akalifuta kwa ncha ya khanga, akashusha sweta, akaendelea kupepeta.

"Ameshaanza?" aliuliza Tabu, jirani yake wa chumba cha pili.

"Ameshaanza. Leo kawahi."

Damas, mumewe, wakati huo alikuwa nyuma ya ghala bovu karibu na reli, yeye na wenzake watatu na bomba moja la sindano. Unga alijifunzia Dar es Salaam. Alikwenda huko kutafuta maisha baada ya kiwanda alikokuwa fundi hapa Dodoma kupata mwekezaji, na mwekezaji akakigeuza kuwa bohari la mitumba. Alirudi mwaka 2000, mwembamba, na begi moja na tabia ile. Sasa aliosha magari ya waheshimiwa Bunge likikaa, na lisipokaa hakuosha kitu. Si mtu mbaya, Damas. Hajawahi kumpiga mkewe, na jioni hubisha hodi mlangoni kwake mwenyewe. Ila alijidunga, na kila alipojidunga tundu lilitokea kwa Yasinta. Mikono ya Damas ilikuwa laini kama ya mwali. Raha ilibaki kwake, na kwa Yasinta likafika tundu tu, na mara nyingine jipu.

Mara ya kwanza lilipotokea, Yasinta alikwenda Buigiri kumwonyesha mama yake, Anyesi. Alimkuta anatwanga uwele. Akamwamkia, akakaa, akapandisha nguo. Mama aliugeuza mkono ule kwenye mwanga, kama mtu anayekagua kitenge gulioni.

"Mlifunga ndoa kanisani?"

"Mama, si ulikuwepo? Gauni ulishona wewe."

"Na mchungaji akasema mmekuwa mwili mmoja."

"Akasema."

"Sasa unalia nini? Baba yako kanywa pombe miaka ishirini na sita, na kila asubuhi kichwa kiliniuma mimi. Yeye aliamka anaimba." Akainua mchi. "Vaa sweta."

Basi Yasinta akavaa sweta, hata kwenye joto la Oktoba. Ipagala hakuna kilichowashangaza watu isipokuwa hilo sweta. Wakasema mke wa Damas ni teja, na jamani, mume mwenyewe mpole vile! Tabu ndiye aliyekuwa akiwafokea kisimani kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Maneno hayo hayakumsumbua sana Yasinta. Kilichomsumbua ni lile bomba. Mwezi Juni wanaume pale ghalani walikuwa watano, halafu wakamzika Henry, aliyekuwa amebaki mifupa na macho, na wote walijua kilichomuua. Yasinta alitaka jambo moja tu: Damas aiache sindano kabla kilichomuua Henry hakijapita kwenye tundu na kumfikia yeye. Akashindwa hilo, basi walau wakapime, na atumie kondomu. Miaka mitatu alimwomba. Damas alisema kondomu ni za wanawake wa barabarani, hawezi kumvunjia heshima mkewe.

Ndipo ukaja mradi. Ulikutana kila Jumatano kwenye ukumbi wa zahanati moja, na sharti lake lilikuwa kwamba mwanamume anayejidunga haji peke yake. Anakuja na mkewe, wanapimwa pamoja, wanafundishwa pamoja kwa wiki nane. Yasinta alibembeleza wiki tatu. Damas alikubali aliposikia kuna soda.

Nesi wa mradi aliitwa Emilia, mama wa makamo mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu mwaka jana. Mbele yake palikuwa na fomu yenye safu mbili, Mteja na Mwenza.

"Nani anayejidunga?"

"Yeye," alisema Yasinta.

"Nionyesheni mikono."

Damas akanyoosha yake. Yasinta akavua sweta. Emilia akatazama huku, akatazama kule.

"Mama, matundu yako kwako."

"Anajidunga yeye. Mimi yananitokea tu."

"Ni kweli, nesi," alisema Damas, maana hakuwa mwongo. "Ni mimi."

Emilia akaweka kalamu chini. "Nawaamini. Tangu asubuhi nyie ni wa tatu. Lakini fomu imekuja na wafadhili, na inauliza matundu yako kwa nani. Haiulizi yametoka wapi." Akaichukua tena kalamu, akamwandika Yasinta chini ya Mteja na Damas chini ya Mwenza. Yasinta aligeuka akatazama benchi la nyuma. Wanawake wawili wengine walikuwa wamevaa masweta.

Majibu walipewa pamoja. Damas hakuwa na virusi. Yasinta alikuwa navyo. Aliuliza kama hawakuchanganya vichupa, akaambiwa hawakuchanganya. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa bado hazijawafikia watu wa Ipagala. Emilia akamshika mkono kwanza, akaushika muda mrefu, halafu akamgeukia Damas kwa sababu mwongozo ulisema hivyo.

"Ndugu yangu, wewe ndiye wa kulindwa sasa."

Akampa boksi zima la kondomu. Damas alilipokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo alizitumia kila mara, bila kukumbushwa, wala neno heshima halikutajwa tena. Yasinta alilia kwa hasira siku mbili, halafu akachoka kulia, mlenda ulikuwa unamngoja.

Wiki ya tano walifundishwa kuacha. Kila aliyejidunga aahidi siku tano bila sindano, mwenzake amsimamie. Damas alisimama akaahidi mbele ya ukumbi, ingawa fomu haikumhusu, kwa kuwa alimpenda mkewe. Na kweli, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi asubuhi hakutoka. Alipepeta mlenda, alikula akashiba, akapiga mluzi. Arosto, ile homa ya kukosa unga, ikamshika Yasinta. Alitoka jasho na makamasi, mifupa ikamuuma, akatapika mpaka nyongo. Jumamosi saa kumi Damas akavaa viatu.

"Siwezi kukuona hivi, mke wangu."

"Niache niumwe. Zimebaki siku mbili, Damas. Mbili tu, itakwisha."

"Nakuonea huruma."

"Sitaki huruma yako! Kaa chini!"

Alikwenda. Hazikupita dakika ishirini tundu likatokea, na maumivu yakamwachia Yasinta yote kwa pamoja. Akalala chali kwenye mkeka, mzima kabisa, akamchukia mumewe kwa muda wa birika kuchemka. Jumatano iliyofuata Emilia aliandika: Mteja amerudia. Mwenza anatoa ushirikiano.

Mafunzo yalifungwa katikati ya Desemba, mvua ya kwanza ikiwa imeshapita. Alikuja mgeni rasmi, akahutubia kuhusu upendo katika ndoa. Damas alikuwa amechaguliwa Mwenza Bora, kwa uvumilivu wake na kwa kubaki salama, na baiskeli yake mpya ilikuwa imeegemezwa mbele, bado ikiwa na nailoni zake. Hotuba ilipofika katikati alimnong'oneza mkewe kwamba anatoka kidogo kujisaidia.

Baada ya muda, doa jekundu likatokea kwenye mkono wa sweta la Yasinta. Emilia alikuwa amekaa jirani. Akatoa pamba mfukoni, akampa, huku macho yake yakiwa kwa mgeni rasmi. Yasinta akaiingiza ndani ya sweta, akakunja kiwiko ili ikae.

Jina la Damas likasomwa. Aliingia kwa mlango wa nyuma, mtulivu, uso umelegea kwa amani, akapokea cheti. Ukumbi ukapiga makofi. Yasinta hakuweza kunyoosha mkono wa kushoto, kwa hiyo akapiga wa kulia juu ya paja.

Nje, Damas alichana nailoni kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akakipangusa kwa shati lake.

"Panda, mke wangu," alisema. "Usitembee na mkono huo."

Yasinta akapanda, maana Ipagala ni mbali na alikuwa amechoka.