Moto Mdogo Mbele ya Mkubwa

…na kwa nini iwe leo, upepo ukivuma hivi, kwa nini upande uleule wa reli ambako mama ana shamba lake la mihogo, sekunde tisini, si zaidi, na Augustine ameweka kidole juu ya kitufe wala hakibonyezi, kwenye kioo cha kompyuta moto mkubwa unatambaa kuelekea nyumba za watu wa reli, na mbele yake, peke yake katikati ya nyasi kavu, umewaka mwingine mdogo, na ndege isiyo na rubani inazunguka juu, tumbo limejaa maji, imeuchorea huo mdogo duara jekundu na kuuliza, huu kwanza? ndiyo au hapana, hakika asilimia tisini na saba, mashine haina haya, na usipoijibu ndani ya sekunde hizo itajijibu yenyewe, ndiyo… "Finya, Mama Augustine," anasema shefu wake, mkubwa wa kazi, Urbain, nyuma ya kiti, kwake kila mwanamke wa kazini ni Mama na jina lake, "unangojea nini? Ile kadogo njo iko karibu na manyumba"… karibu, ndiyo, lakini huo mdogo utafika kwenye mawe ya reli ujifie wenyewe, na mashine inadhani ni cheche iliyoruka, tangu lini cheche ikachoma mstari ulionyooka, huu umewashwa na mtu, mtu aliyeupa upepo mgongo akaburuta kicha cha nyasi kinachowaka kutoka kushoto kwenda kulia, kama mama alivyomfundisha akiwa na miaka minane, jembe begani, moshi machoni, "Kukimbia hapana, mutoto wangu, washa yako kadogo, ingia mu majivu, ile mukubwa itafika itakosa ya kula," na walisimama humo wawili, nyayo zikiungua, moto mkubwa ukapita kulia na kushoto ukinguruma, na mama akicheka, akicheka kweli, Mungu wangu… kwa hiyo kuna mtu pale, sekunde sabini, ndege haimwoni, moshi umemfunika, na mwilini mwa mtu kuna joto gani la kuonekana juu ya majivu ya moto, mwagia maji huo mdogo, uzime kabla haujamlia nyasi za kutosha, umemnyang'anya mahali pa kusimama… amempigia mama mara mbili tangu asubuhi, simu imezimwa, lakini mama huizima kila siku kutunza chaji, hiyo si dalili ya kitu, si dalili… "Shefu, kuna bantu mule?" anauliza. "Bantu wapi? Mashini ingebaona! Finya, Mama!" …ingewaona, kama ilivyomwona mzee Mukalay wiki iliyopita, moto mdogo kama huu, mstari kama huu, na yeye alijua, alijua kabisa, lakini wageni wenye suti walikuwa wamesimama nyuma yake, Urbain akiwatolea meno, akabonyeza ndiyo, na mzee mtega panya wa porini akaletwa kwenye baiskeli miguu imeungua hadi mapajani, watu wakasema uzee, hakuweza kukimbia, na yeye akampelekea sukari akashindwa kumtazama usoni… mficha maradhi kifo humfichua, basi na kimfichue, lakini kwa nini kianze na mtu mwingine, maana jioni ileile jibu lake lilitiwa ndani ya mashine, kila ndiyo yako ni somo lake, aliwahi kusema Urbain, kabla ya siku ile moto wa namna hii ilikuwa inaukisia tu, hamsini, hamsini na tano, sasa tisini na saba, nani aliyeifundisha kama si yeye, na mwakani hakutakuwa na kiti hiki, ndege zitaruka kutoka Kamina hadi Malemba-Nkulu bila kumuuliza mtu, zikiwa na kosa lake tumboni pamoja na maji… kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema, hao hawajakiona hiki… arobaini, Bwana, asiwe mama, awe mwingine, yeyote, mtega panya, mchoma makaa, mradi si mama, ili aweze… ili aweze nini? na Augustine anajisikia akimalizia sala, ili aweze kubonyeza ndiyo na kunyamaza tena, hiyo ndiyo sala aliyokuwa akiisali, na Mukalay naye ana binti, Mathilde, waliimba pamoja kwaya, Mathilde aliyempokea ile sukari kwa mikono miwili akamwambia aksanti sana, dada… "Mama Augustine, unalala?" …halali, shefu, anaogopa, ila hakuogopi wewe tena, atabonyeza hapana, maji yaende kwenye ule mkubwa, halafu atageuka akwambie la Mukalay, lote, hata mbele ya wageni, na mkitaka kiti chenu kichukueni, lakini somo lile mlitoe humo ndani kwanza, ishirini na nane, upepo haujageuka, kidole bado kiko hewani, na pale chini kuna mtu anayepiga hatua kuingia kwenye majivu, akiamini kwamba kila anayemtazama anajua anachofanya…