Mwendo Uliobaki

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mwaka 1937, Ambrosi Ngassa na mkewe Tekla walishuka kwenye treni Tabora saa nne na nusu asubuhi, wakiwa na watoto wawili, kikapu kimoja na mwavuli wa kuazima. Watoto walikuwa pacha, Kulwa na Doto, wavulana wa miaka miwili na miezi mitatu, wamevaa mashati ya kitambaa kimoja yaliyoshonwa marefu ili yafae na mwaka unaofuata. Kati ya Usoke na Tabora Kulwa alitapika uji mara mbili, mara zote mbili kwenye bega la baba yake. Tekla akamsafisha mumewe kwa maji ya bomba la stesheni kabla hawajafanya jambo lingine lolote.

Walikuwa wamekuja kwenye michezo. Mfalme mpya alikuwa ametawazwa huko Ulaya, na kwa ajili ya sherehe hizo Mzungu mmoja alileta bembea zake kwa reli na kuzisimamisha kwa wiki moja kwenye uwanja wa nyuma ya stesheni. Asubuhi ilikuwa zamu ya Wazungu, adhuhuri ya Wahindi na Waarabu, na kuanzia saa nane ya wenyeji. Ambrosi alilisikia tangazo hilo kanisani, baada ya misa. Tekla, aliyekuwa na mimba ya miezi mitano, alisema kwamba mtoto wa tatu akishazaliwa hawatakwenda popote tena, basi heri waende sasa.

Wakakaa nje ya ua wa magunia wakisubiri saa nane. Pacha walikula mchanga, wakalala, wakaamka, wakapigania mwavuli.

Ndani kulikuwa na bembea zenye umbo la mashua, na meza ya kurusha pete. Katikati ya uwanja walikuwepo farasi wa mbao kumi na wawili, weupe, wenye hatamu nyekundu na vinywa wazi, wakizunguka juu ya jukwaa la mviringo. Jukwaa hilo halikuwa na injini. Chini yake ilichomoza miti minene, na kila mti ulisukumwa na mtu aliyetembea kwa duara. Asubuhi pazia liliteremshwa ili wasukumaji wasionekane. Mchana, kwa joto, pazia lilikunjwa.

Wasukumaji walikuwa wafu. Hilo lilionekana mara moja, kwa sababu nzi waliojaa uwanjani hawakuwagusa, na kwa sababu walivaa kaniki za aina isiyouzwa tena dukani. Bega la kushoto la kila mmoja lilikuwa chini kuliko la kulia.

"Kumbe ni wapagazi," alisema Tekla.

"Wale wa misafara ya zamani," alijibu mwanamke aliyekuwa mbele yao kwenye foleni. "Injini ilikufa Morogoro. Hawa hawahitaji posho."

Zamu yao ilipofika, nyapara wa mashine, mtu wa pwani aliyeitwa Lukumani, aliwafunga pacha kwa mikanda ya ngozi, kila mmoja juu ya farasi wake. Kwa kuwa walikuwa wadogo, alimtaka Ambrosi atembee kando yao na kumshika Kulwa, aliyeinama kama mlevi. Doto hakuhitaji kushikwa. Alikuwa amenyoosha mkono na kushika sikio la msukumaji aliyekuwa chini ya farasi wake, na hakuliachia.

Ambrosi alilitazama lile sikio. Lilikuwa limekunjika juu, kama ukingo wa jani lililopigwa na jua. Sikio kama hilo alikuwa nalo marehemu baba yake. Doto alikuwa nalo. Katika ukoo wao ilisemekana lilitoka kwa babu Mahona, aliyeondoka na msafara kwenda pwani akiwa na pembe ya ndovu begani, akafia Marenga Mkali, kule kusiko na maji. Wenzake walirudi na kibuyu chake, na nyumbani wakazika kibuyu.

"Shikamoo, babu," alisema Ambrosi.

"Marahaba. Wewe wa kwa nani?"

"Wa Ngassa, wa Usoke."

Mzee alitembea hatua nane hivi kabla ya kujibu. Hakuweza kusimama, kwa hiyo Ambrosi naye hakusimama.

"Ngassa nilimwacha anatambaa."

"Alikua, akatuzaa sita. Amefariki, huu mwaka wa tatu."

"Sijamwona."

"Hakuwa mpagazi, babu. Alikuwa mkulima."

"Ndiyo maana." Mzee aligeuza shingo kidogo, kadiri mkono wa Doto ulivyomruhusu. "Na huyu anayenivuta sikio?"

"Kitukuu chako. Doto."

"Basi Kulwa yuko wapi?"

"Huyu hapa, nimemshika."

"Pacha," alisema Mahona, akausukuma mti mzunguko mzima.

Kengele ilipolia Ambrosi alimkabidhi Tekla watoto, akamweleza, kisha akamwendea Lukumani.

"Yule mwenye sikio lililokunjika ni babu yangu. Nimekuja kumchukua."

Lukumani hakukasirika. Ilionekana alikwisha kuambiwa hivyo na watu wengi, katika miji mingi.

"Mahona wa Usoke," alisema. "Pembe moja, kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Alianguka Marenga Mkali. Hakufika."

"Na pembe?"

"Pembe ilifika. Aliibeba mwenzake, siku ile ile."

"Basi kazi iliisha."

"Kazi ya pembe iliisha. Yeye aliandikiwa kufika. Sasa anamalizia mwendo uliobaki."

Ambrosi aliitazama mashine. "Lakini hapa anazunguka tu. Hasogei."

"Hasogei," Lukumani alikubali. "Kwa hiyo mwendo uliobaki ni ule ule."

"Pwani hamjafika na mashine hii?"

"Mwaka jana. Tulikaa Bagamoyo wiki mbili, karibu na forodha."

"Si alifika, basi!"

"Alifika ndani ya gari. Karatasi inasema kwa miguu." Lukumani aliinama, akakaza mkanda wa farasi mmoja. "Karatasi ilikuwa ya Mwarabu, ikawa ya Mdachi, sasa ni ya huyu Bwana. Hajaisoma. Alinunua mashine, akaambiwa kwamba hawa nao wamo."

"Na wewe uliandikiwa nini?"

"Kuwasimamia mpaka wafike."

Tekla, aliyekuwa amesogea kusikiliza, aliona kwamba nzi hawakumgusa Lukumani pia. Alimwonea huruma kidogo, kisha akaacha.

"Kitu ninachoweza," Lukumani alisema, "mtu wa damu yake akishika mti, yeye anaweza kupumzika. Mpaka kengele ya saa kumi. Si zaidi ya hapo."

Ambrosi alivua viatu, akaingia chini ya jukwaa na kushika mti. Haukuwa mzito kama alivyodhani. Kilichomsumbua ni miguu, ambayo baada ya mizunguko mitatu ilianza kukanyaga yenyewe, bila kumngoja.

Mahona alitoka chini ya jukwaa, akakaa kwenye nyasi karibu na kikapu. Tekla alimpa matobolwa na maji. Alitafuna kwa muda mrefu sana, macho yamefumba, na alipomaliza alisema viazi vya Usoke bado ni vile vile. Kisha akataka kumbeba Kulwa. Alimnyanyua, akamlaza begani kwa urefu, kichwa mbele na miguu nyuma, akamzungushia mkono juu kama mtu anavyobeba pembe.

"Si hivyo, babu," alisema Tekla. "Mweke mgongoni."

"Nimesahau," alisema Mahona. Alikubali kuonyeshwa. Tekla alimfungia Kulwa mgongoni kwa khanga yake, na Doto akapanda shingoni na kushika sikio. Mzee alisimama hivyo, ameelemewa na watoto wawili, na uso wake ukawa uso wa mtu anayesikiliza jambo zuri kutoka chumba cha pili.

"Tumboni ni wa tatu?" aliuliza.

"Ndiyo. Anafuata pacha, ataitwa Shija."

"Naye mtamleta?"

Tekla alitazama upande wa mashine. Mumewe alikuwa anapita, kichwa chini. Akamwegemea mzee na kusema polepole, "Babu, twende. Treni ya Usoke inaondoka saa kumi na moja. Wewe tangulia na watoto stesheni. Ambrosi ni mtu mzima na yuko hai, hawawezi kumzuia."

Mahona alifikiri. Akaliangalia lango, lililokuwa umbali wa hatua arobaini, akaanza kulielekea. Alikwenda vizuri hatua kumi, kumi na mbili. Kisha mguu wake wa kushoto ukaanza kuvuta ndani, na njia yake ikapinda, ikapinda zaidi, mpaka akajikuta amerudi kwenye kikapu. Alijaribu tena kwa kutazama mlingoti wa bendera bila kupepesa. Akarudi kwenye kikapu. Mara ya tatu Tekla alimshika mkono amvute, na wote wawili wakapinda, yeye na mimba yake, wakazunguka pamoja na kurudi.

Pacha walicheka kwa sauti. Katika siku nzima hakuna mchezo uliowafurahisha kama huo. Watoto wengine walisogea kutazama, na baadhi yao wakapanga foleni wakidhani nao watabebwa.

Mahona aliinama na kumshusha Doto. Kutoka pale aliweza kumwona mjukuu wake akisukuma. Ambrosi hakuwa na saa nzima chini ya jukwaa, lakini bega lake la kushoto lilikuwa limekwisha kuanza kushuka.

"Hata kengele haijalia, babu," alisema Tekla. "Kaa."

"Huyo anajifunza haraka," alisema Mahona. Alifungua khanga, akamrudishia Kulwa, akatembea hadi kwenye mashine bila kupinda hata kidogo. Ambrosi alikataa kuachia mti. Mzee akabandua vidole vyake kimoja kimoja, huku wote wawili wakitembea, akamsukuma nje kwa nyonga.

Ambrosi alisimama kwenye nyasi. Akainamisha kichwa na kulia bila kujificha, na watu waliokuwa kwenye foleni wakageukia upande mwingine ili wampe nafasi.

Kwa tiketi zao pacha walikuwa wamebakiwa na mzunguko mmoja. Walipoona farasi wanapita walianza kulia wapandishwe. Tekla aliwaambia farasi wamechoka. Wakalia zaidi, Doto akajitupa chini.

"Wapandishe," alisema Mahona alipopita. Walingoja mpaka alipopita tena. "Nitasukuma hata wasipopanda."

Basi waliwapandisha. Lukumani alikaza mikanda. Mzee alitia mbio kidogo kwa ajili yao, wenzake wakamfuata, na farasi wakaenda kasi ambayo siku ile haikuwa imeonekana, hata katika zamu ya Wazungu. Kulwa alipiga kelele za furaha. Mwenye mashine alitoka hemani kutazama, akaridhika, akarudi ndani.

Jioni hiyo walirejea Usoke. Jumapili Ambrosi alibaki nyuma baada ya misa, akamwomba padri Kornel misa ya marehemu babu yake. Padri aliuliza yuko wapi sasa. Ambrosi alimweleza. Padri alifikiri kwa uaminifu, kisha akasema kwamba misa ile ni ya kuombea pumziko, na yeye haoni namna ya kumwombea pumziko mtu aliye kazini.

Jumatatu saa tano treni ya mizigo ilisimama Usoke kuchukua maji. Ilikuwa imebeba bembea, zinapelekwa Kigoma. Tekla alikuwa shambani aking'oa karanga aliposikia honi. Akambeba Kulwa, Ambrosi akambeba Doto, wakakimbia mpaka stesheni.

Walizipita mashua, mafurushi ya mahema na farasi waliolazwa juu ya nyasi. Behewa la mwisho lilifungwa kwa komeo, bila dirisha, na mbao zake hazikuacha hata ufa wa kuingiza kidole. Ndani kulikuwa na sauti ya miguu. Haikuwa ya watu wanaotafuta pa kukaa. Ilikwenda kwa mpango, kwa duara, hatua moja kwa zote, na behewa liliyumba kidogo upande wa kushoto.

Ambrosi aliweka mdomo karibu na mbao.

"Babu!" aliita.

"Naam," likaitikia behewa zima.

Aliita mara ya pili, na wote wakaitika tena, sauti kumi na mbili, kila moja ikiamini imeitwa. Tekla alimwambia ataje jina. Lakini Ambrosi alisimama pale mdomo wazi, ameshika komeo, na jina hakulitaja, maana wale kumi na mmoja wangejua hawakuitwa. Maji yalijaa, honi ikalia, na treni ikaondoka kuelekea Kigoma na wote ndani.

Wakarudi shambani. Karanga zilikuwa bado mistari minne.